Kurudi Lamu kwa Mashua: Shajara ya Matengenezo na Safari

Chombo ni mashua ya futi 26: mbao za mbambakofi, mataruma (mbavu za ndani) ya mlilana, mlingoti na foromali (miti inayobeba matanga) za mvinje. Mabaharia ni wawili, mume na mke. Tunaanzia hori ya Kilifi, tunaishia bandari ya Lamu. Msimu ni demani, kusi imeshachoka na kaskazi haijaanza.

Siku tunazihesabu kwa mwezi wa angani. Kalenda ya ukutani haikwambii maji yako wapi, mwezi unakwambia. Pwani hii maji ya bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa saa 10 au saa 11, jioni na alfajiri, na hupwa saa 4 au saa 5. Maji mafu, mwezi 8 au 9 na mwezi 23 hivi, ni kinyume chake: hujaa saa 4 au saa 5, hupwa alfajiri na jioni. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo chombo kinapanda ufuoni bamvua la mwezi mpevu, kinashuka bamvua la mwezi mwandamo, na Lamu tunaingia maji mafu. Mara iliyopita tulifika nje ya Shela mwezi 3, saa 4 asubuhi, maji yakitoka kwa nguvu na mawimbi ya kusi yakiyakabili mlangoni, penye njia ya kuingilia bandari. Mlango wote ulikuwa mweupe. Tulikaa nje hadi alasiri.

Mwezi 16

Chombo kimepanda. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ilitolewa jana yake: magunia 12 ya mchanga, kilo 40 kila moja. Mashua ikikaa nchi kavu na karibu nusu tani tumboni, mbao za chini zinajikunja na mishono inafunguka kabla hujashika nyundo.

Maji yalijaa karibu na saa 11 jioni. Mkuku, uti wa chini wa chombo, umelala juu ya magogo 3 ya mkoko, ili mkono upite chini. Mategemeo 4, mawili kila upande, yamewekwa penye taruma. Tegemeo likiwekwa kati ya taruma na taruma, ubao unaingia ndani kama kifua cha mgonjwa.

Mwezi 17 na 18

Kukwangua makombe na mwani, kisha kuchoma. Makuti makavu yanafungwa mafungu, yanawashwa, na moto unapitishwa chini ya tumbo haraka haraka. Shabaha ni kuua wadudu wanaotoboa mbao na kulainisha deheni ya zamani (shahamu na chokaa iliyopakwa tumboni) ikwanguliwe. Usisimame na moto mahali pamoja: deheni ni mafuta, itawaka. Ndoo 2 za maji ya bahari zilikuwa karibu na zote zilitumika.

Matundu ya wadudu yaliyoonekana ni 7, yote karibu na mkuku, upana wa njiti ya kiberiti. Ubao unaojazwa vijiti na matundu 7 unaendelea kufanya kazi. Yangekuwa 70 ungetolewa wote, kwa sababu tundu la nje ni dogo ila njia ya ndani ina upana wa kidole.

Mwezi 19 hadi 21

Misumari. Huu ndio ugonjwa wa mashua nyingi kuukuu: chuma ndani ya mbao ngumu yenye maji ya chumvi kinaliwa kidogo kidogo, tundu linapanuka, ubao unaacha kushika taruma. Kwa nje unaona duara jeusi tu kuzunguka kichwa. Kipimo ni sikio. Gonga kila kichwa kwa nyundo ndogo. Msumari mzima unalia, mbovu unaguna. Kwa kipimo hicho imetoka misumari 38.

Mipya ni ya inchi 4, chuma kilichopakwa zinki. Tundu linatangulizwa kwa keekee, jembamba kuliko msumari. Bila keekee mbambakofi unapasuka, hata ukijiamini vipi. Chini ya kichwa inazungushwa nyuzi ya pamba iliyolowa sifa (mafuta ya samaki), kisha msumari unazamishwa hadi kichwa kikae chini ya uso wa ubao. Pale tundu la zamani limeshakuwa pana tulilijaza kijiti cha mbao ngumu na kupiga msumari mpya pembeni yake, upana wa vidole 2.

Mwezi 22 hadi 25

Kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, siku 4 kwa watu wawili. Pamba iliyotumika ni kilo 3 na nusu. Inasokotwa mapajani iwe na unene wa kidole kidogo, inachovywa mafuta ya nazi, inakamuliwa. Mshono wa kwanza juu ya mkuku umekula nyuzi 2. Mingine nyuzi 1. Mshono ukiwa safi pamba inaingia na sauti ya nyundo inabadilika inapofika chini, inakuwa nzito. Hapo acha.

Kosa la kawaida ni bidii. Ubao uliokaa juani wiki nzima umesinyaa, mshono uko wazi, na mkono unashawishika kujaza. Chombo kikirudi majini ubao unakunywa na kutanuka, pamba haina pa kwenda, na kinachosogea ni ubao wenyewe, unang'oa misumari yake. Tuliacha nafasi ya milimita 3 juu ya pamba, ikazibwa kwa uji mzito wa chokaa na mafuta.

Mishono ya juu, mbao 3 za mwisho chini ya ukingo, ilitazamwa kwa macho na kuachwa. Ilionekana imefunga.

Mwezi 26 na 27

Deheni: shahamu ya ng'ombe kilo 8, chokaa kilo 6. Shahamu inayeyushwa kwenye debe kwa moto mdogo, inachujwa, kisha chokaa inanyunyizwa huku mtu mwingine akikoroga. Ukiimwaga yote mara moja inafanya madonge na madonge hayashiki. Inapakwa ikiwa vuguvugu, kwa kiganja, kuanzia mkuku hadi mstari wa maji na upana wa shibiri moja zaidi. Rangi ya dukani ya kuzuia makombe inadumu zaidi, lakini inataka ubao mkavu kabisa na pesa ambazo hazimo kwenye bajeti hii. Kwa safari ya mwezi mmoja deheni inatosha.

Juu ya mstari wa maji ni sifa, lita 4. Harufu yake haitoki kwenye nguo. Fanyeni kazi hii na nguo mnazokubali kuzitupa, na msikae upande wa upepo wa jirani.

Mwezi 28 na 29

Tanga kubwa limeshonwa viraka 2, vyote pembe ya nyuma, pale demani, kamba inayolivuta tanga, inapofungwa. Kitambaa ni marekani nzito. Kiraka kinakatwa kufuata uzi wa tanga. Kikikaa mshazari kinavuta upande mmoja na kupasua palipo pazima. Tanga dogo ni zima. Mashua haipunguzi tanga kwa kulikunja. Upepo ukizidi unatua kubwa na kutweka dogo, ndiyo maana lazima yawe mawili.

Henza, kamba ya kutwekea, imebadilishwa yote, mita 30. Ilikuwa imelika mahali pamoja tu, pale inapokaa ndani ya kapi tanga likiwa juu. Kamba ya namna hiyo inakatika usiku, ikiwa na uzito wote wa foromali. Wenye haraka wanaigeuza ncha kwa ncha ili palipolika pasikae tena kwenye kapi; nasi tuliwahi kufanya hivyo, ila si kwa safari ya usiku.

Rumada, vyuma vinavyoushika usukani kwenye tezi, nyuma ya chombo: cha chini kilikuwa kinacheza. Shimo limepanuka, si chuma kilichopinda. Kimewekewa kipande cha bomba la shaba ndani.

Mwezi 2

Kushua. Maji yalijaa saa 11 na nusu jioni, magogo yakapakwa shahamu, watu 9 wa pwani wakasaidia. Chombo kiliogelea kabla ya magharibi.

Tangu hapa tunaandika ndoo. Ndoo ni ya lita 10, na hesabu ni ya maji yaliyofuliwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kwa usiku na mchana mmoja. Leo: ndoo 34. Ni nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Chombo kilichokaa nchi kavu wiki 2 kikiingia majini bila kuvuja, ama hakikukauka au pamba imejazwa kupita kiasi.

Mwezi 3: ndoo 19. Mwezi 4: ndoo 9. Mwezi 5: ndoo 5.

Mwezi 5

Farumi imerudi, magunia 12 yaleyale, 8 chini ya mlingoti na 4 nyuma yake. Yamefungwa kwa kamba kwenye mataruma. Gunia likihama chombo kikiwa kimelala, halirudi lenyewe.

Mazoezi ya kupindua tanga horini, mara 6. Kwa watu wawili hili ndilo jambo la hatari kuliko yote, kuliko hata kuingia mlango. Mtu wa usukani anakiachia chombo kifuate upepo hadi upepo uwe nyuma kabisa. Demani inalegezwa yote. Mtu wa mbele anafungua goshi, pembe ya mbele ya tanga, anavuta foromali isimame wima kandokando ya mlingoti, kisha anaipitisha mbele ya mlingoti pamoja na kitambaa chake. Anafunga goshi upande mpya. Kamba inayoshikilia mlingoti inahamishiwa upande unaotoka upepo, na hapo tu ndipo demani inavutwa na usukani unageuzwa. Usukani ukigeuzwa kabla kamba ya mlingoti haijahama, hakuna kinachoushikilia mlingoti ila bahati. Zoezi la kwanza lilichukua dakika 11. La sita, dakika 4.

Mwezi 6

Ndoo 4. Mzigo: maji ya kunywa lita 40 kwenye madumu 2 (likipasuka moja linabaki jingine), petroli lita 40 iliyochanganywa na mililita 800 za mafuta ya injini, kwa mashine ya nyuma ya farasi 15. Inakula kama lita 5 kwa saa ikienda mwendo wa kadiri, basi ni saa 8, na hizo ni za milango na dharura. Mkate wa mofa, tende, samaki wa kukaanga, viazi vitamu. Jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga. Jaketi za kuokolea 2, kurunzi 3, dira, bildi (risasi ya kupimia kina) yenye kamba ya pima 15 na fundo kila pima. Ofisi ya bandari imepewa majina, rangi ya chombo na siku ya kutarajiwa Lamu. Ulizeni pia kama kusafiri usiku kunaruhusiwa wakati huo, maana njia yenyewe ina usiku ndani yake.

Jioni chombo kimehamishwa hadi karibu na mdomo wa hori.

Mwezi 7: Kilifi hadi Ngomeni, maili 45 za baharini

Kutoka saa 12 asubuhi, maji yakijaa. Wengi wanapenda kutoka na maji yanayopwa kwa sababu yanakusukuma. Lakini Kilifi inatazama mashariki, kusi inapeleka mawimbi moja kwa moja mlangoni, na maji yanayotoka yakikutana nayo yanayasimamisha. Maji yanayojaa yanakwenda njia moja na mawimbi. Mnatoka polepole na mashine, ila mlango umetulia. Dakika 25.

Nje, upepo wa kusini mashariki, tanga kubwa. Mkondo wa pwani unakwenda kaskazini na unasaidia. Watamu ilipita saa 3 asubuhi, Malindi saa 6 mchana. Kuanzia Malindi maji si ya buluu tena: Mto Sabaki unamwaga udongo, na rangi haiwezi kukuonyesha mwamba uko wapi. Kuanzia hapo tulikaa mbali na nchi na kutia bildi kila nusu saa.

Karibu na Ngomeni minara ya chuma ya kituo cha Kiitaliano cha San Marco, kilichorusha satelaiti kutoka baharini kuanzia 1967 hadi 1988, inaonekana kabla ya nchi yenyewe. Ni alama nzuri ya mchana. Nanga ilitiwa saa 9 na nusu, nyuma ya ras, pima 3, maji yakielekea kupwa. Ras inakinga kusi kabisa.

Ndoo 11. Horini zilikuwa 4. Bahari inachezesha chombo, hilo linaeleza baadhi, si zote.

Mwezi 8: Ngomeni

Kusubiri. Kutoka hapa hadi Shela ni maili 60 kasoro. Kwa mwendo wa maili 4 na nusu kwa saa ni saa 13. Maji ya Lamu kesho yanapwa saa 11 na nusu alfajiri na kujaa saa 5 na nusu asubuhi, hivyo tunataka kuwa nje ya mlango jua linapochomoza, tuingie katikati ya kujaa, jua likiwa mgongoni. Ukielekea kaskazini magharibi asubuhi, kila fungu na kila mwamba unauona kwa rangi. Alasiri jua liko usoni na maji yote ni kioo.

Nanga imeng'olewa saa 11 jioni, tanga dogo. Kubwa lingetufikisha saa 9 usiku, na kufika mapema gizani ni kosa lilelile la kuchelewa.

Mwezi 8 usiku kuamkia mwezi 9: Ghuba ya Ungwana

(Kwa wanaohesabu siku kuanzia magharibi, huu wote ni usiku wa mwezi 9.)

Nusu ya mwezi ilimulika hadi kabla ya saa 7 usiku. Ghuba hii ina kina kidogo kwa mbali sana na nchi, maji ya Mto Tana yanaingia humu, na baada ya mvua magogo yanaelea. Kanuni yetu ilikuwa bildi isisome chini ya pima 10. Ilisoma 8 mara mbili, karibu na usawa wa Kipini, na mara zote mbili tulisogea nje hadi ikarudi 12.

Jarife ndizo tatizo kubwa zaidi. Nyavu hizi zinatandazwa kwa urefu mkubwa, na si zote zenye taa. Mkuku mrefu wa mashua unapita juu ya wavu, unaonasa ni usukani, na mashine ikiwa imeteremshwa inanasa kwanza. Mashine iinuliwe usiku kucha. Saa 8 usiku wavu mmoja ulishika usukani. Demani ililegezwa, chombo kikasimama, kamba ya juu ya wavu ikasukumwa chini kwa upondo hadi ikapita. Haikukatwa, wavu ni mali ya mtu.

Zamu za saa 3. Ndoo 14, na jambo moja limeonekana: maji yote yanakusanyika upande wa kushoto, karibu na mlingoti, yanateremka ubavuni. Hayatoki chini.

Mwezi 9: Lamu

Saa 12 na nusu asubuhi, vilima vya mchanga vya Shela, vyeupe, upande wa kushoto. Tulingoja nje kwa saa moja maji yaongezeke. Kisha mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye umbo la mche wa sukari, ukajitokeza juu ya minazi. Mkono wa kulia ni Ras Kitau ya Manda na mawimbi yanayovunjika mwambani. Yasikilizeni, yasizidi kukaribia. Upepo sasa uko nyuma kabisa, na tanga likiwa na upepo wa nyuma linaweza kujipindua lenyewe na foromali ikapita vichwani. Tanga limetuliwa kabla ya Shela, mashine ikafanya kazi kilomita 3 zilizobaki.

Nanga saa 3 asubuhi, ng'ambo ya mji, upande wa Manda. Mbele ya gati kuu hapafai: boti za Mokowe, ng'ambo ya bara, zinapita mfululizo na mawimbi yao yanagonga chombo kidogo ukutani. Mbele ya Mkomani, mtaa wa kaskazini wa mji, pana tope na panafaa maji mafu tu. Kuanzia mwezi 13 maji yatapwa mbali na chombo kitalala ubavu.

Nanga ni 2. Baura, nanga kubwa, ya kilo 15 omoni (mbele) na amari, kamba ya nanga, ya mita 30, nanga ndogo ya kilo 7 tezini. Mkondo hapa unageuka mara 4 kwa siku na kusi inasukuma njia yake, basi chombo chenye nanga moja kinazunguka na kujifunga amari yake.

Mwezi 10

Bandari ilivyo sasa, kwa anayerudi baada ya miaka. Ngome ya 1821 na nyumba za mbele ya bahari ziko palepale, punda wako palepale. Meli kubwa za bandari mpya, iliyofungua gati lake la kwanza 2021, zinaingia Ghuba ya Manda kwa kaskazini na hazipiti mbele ya mji. Kilichobadilika mbele ya mji ni sauti. Mashua nyingi zina mashine, foromali zimelazwa. Saa 11 alfajiri, kabla boti ya kwanza ya Mokowe haijawasha, bado unasikia maji yakipita chini ya mkuku na adhana ya mtaa wa Langoni ikijibiwa na ya Mkomani.

Mwezi 11

Uvujaji umepatikana. Mshono wa pili chini ya ukingo, kushoto, urefu wa mita 1.8, kuanzia mlingoti kwenda nyuma. Ni mmoja wa ile tuliyoitazama kwa macho na kuiacha. Kutoka Kilifi hadi Lamu upepo ulikuwa kulia karibu wakati wote, chombo kililalia kushoto, na mshono ambao horini haukuwahi kugusa maji ukawa chini ya maji kwa saa 22. Ubao wake haukuwa umekunywa.

Umezibwa majini. Magunia 7 ya farumi yamehamishiwa kulia, kushoto kukainuka shibiri 2 na nusu. Pamba gramu 200, nyundo, uji mzito wa chokaa. Saa 3 za kazi, kati ya boti moja na nyingine.

Mwezi 12

Ndoo 2. Hesabu ya bandarini haithibitishi chochote juu ya mshono huo, kama ya Kilifi isivyothibitisha. Na kurudi ni kwa kaskazi: upepo utatoka nyuma kushoto, chombo kitalalia kulia, upande ambao safari hii haikuugusa kabisa. Kesho magunia yanahamia kushoto na mishono ya juu ya kulia inafunguliwa yote, kuanzia mlingoti hadi tezini. Pamba iliyobaki ni gramu 300. Nyingine itanunuliwa Matondoni kwa mafundi.

Mwezi 14 maji yakijaa jioni tunahamia Shela, kwenye kilindi.